Vyama sita kwa siku nne: safari ya Moshi na Arusha iliyoishia kwenye kaunta buku

Hii nimewaandikia wenzangu tunaouza na kuhudumia mifumo ya kompyuta ya SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo, na mameneja wa vyama wanaweza kusoma pia wakajua upande wetu tunafikiria nini tukija kuwatembelea. Majina nimetoa yote, vyama nimeviita kwa herufi, kazi anayofanya mwajiri sitaitaja, na kiasi cha mkopo nimekizungusha ili hesabu ifuatike. Mengine yako kama yalivyotokea, pamoja na sehemu ambazo mimi mwenyewe sijapendeza.

Usuli

Kampuni yetu ni ndogo, tuko Dar, tuna mfumo mmoja wa kuendesha SACCOS: hisa, akiba, amana, mikopo, vitabu vya hesabu na ripoti. Wateja wengi walitujia baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na kanuni za SACCOS za 2019, maana kabla ya hapo chama kiliweza kujiendea na kaunta buku na eksel miaka na miaka na hakuna aliyewasumbua sana, ila kanuni zikaja na leseni, na ripoti za kupeleka Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, akifika anataka makaratasi yanayokubaliana. Watu wakanunua mifumo haraka haraka, na sisi tukaifunga haraka haraka. Hiyo haraka iwekeni akilini, itarudi.

Kanda ya kaskazini tulikuwa na wateja sita, mikataba yote inaisha Desemba. Bosi akasema nenda ukawasalimie, tusisubiri mpaka mwezi wa kumi na mbili ndio tunaonekana na invoisi. Wazo zuri kabisa. Ratiba niliipanga mimi: Jumatatu basi mpaka Moshi, Jumanne chama A asubuhi na B mchana, Jumatano chama C upande wa Hai, Alhamisi na Ijumaa vyama D, E na F Arusha, Jumamosi kurudi. Katikati nikachomeka chakula cha mchana na mwalimu wangu wa zamani pale Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, zaidi kwa kumsalimia tu maana tulikuwa hatujaonana muda.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye ratiba hiyohiyo na sikuliona. Ilikuwa katikati ya Oktoba. Alhamisi ya tatu ya Oktoba ni siku ya vyama vya akiba na mikopo duniani, inaadhimishwa tangu 1948, na mtu anayejiita yuko kwenye sekta anatakiwa kujua kwamba wiki hiyo nusu ya mameneja na wenyeviti hawako ofisini, wako kwenye maadhimisho na tisheti zao mpya. Mimi nilijua. Sikuunganisha tu.

Kilichotokea

Basi sina la kusimulia, Mbezi alfajiri, Mombo tukala, Himo nikaamka, jioni niko Moshi mgongo unauma.

Jumanne asubuhi chama A. Meneja, mwenyekiti, mhasibu, soda na karanga mezani, nikauliza mfumo unaendaje wakasema uko vizuri tunashukuru, nikauliza kuna shida yoyote wakasema hakuna, labda risiti inachelewa kidogo kutoka. Saa moja na nusu tumemaliza na picha tumepiga. Nikatoka nimefurahi, na sasa hivi nikikumbuka ile furaha naona aibu kidogo, kwa sababu sikujifunza chochote kuhusu chama A ambacho sikukijua nikiwa Dar.

Mchana chama B. Hiki ni cha wafanyakazi wa mwajiri mmoja, wanachama kama mia nne, ofisi ni vyumba viwili nje ya geti. Kila mwezi mwajiri anakata rejesho la mkopo na akiba kwenye mshahara, halafu anatakiwa kuleta vitu viwili chamani: orodha ya makato, yaani nani amekatwa shilingi ngapi, na hela yenyewe benki. Kikao kilikuwa kilekile cha asubuhi, soda zimebadilika tu. Mwenyekiti ni mzee wa heshima, nikamwamkia, meneja ni mama mmoja makini sana, na wote jibu lao moja: hatuna shida kijana, karibu tena.

Simu yangu ilikuwa imebaki na asilimia nne. Soketi ya chumba cha kikao haina umeme, meneja akanielekeza kaunta. Nikakaa pale kwenye stuli nyuma ya dada wa kaunta nasubiri chaji, sina mpango wowote.

Akaja baba mmoja na salari slip mkononi, amekunja mara nne. Akasema dada, nimekatwa tena mwezi huu lakini ile karatasi yenu inasema nadaiwa faini. Dada hakugusa kompyuta. Alivuta droo ya chini akatoa kaunta buku, ile kubwa ya kurasa nyingi, gamba limeshikizwa na selotepu, akafungua ukurasa wa jina la yule baba. Mistari imepigwa kwa rula na peni nyekundu. Safu ya kwanza tarehe ya kukatwa mshahara, ya pili tarehe orodha ilipofika ofisini, ya tatu faini iliyofutwa, na ya mwisho juu kabisa imeandikwa kwa herufi kubwa SALIO HALISI. Akachukua tarehe kutoka kwenye slip, akaandika, akamwambia baba usijali deni lako ni hili hapa, ile nyingine nitaitoa. Baba akaondoka ameridhika.

Nikamuuliza, dada, hiki kitabu ni cha nini?

Akacheka kwa aibu. "Kaka, mfumo wenu ni mzuri ila haujui kazi yetu. Mimi nausaidia tu."

Nilikaa pale mpaka ofisi inafungwa. Alichonieleza, kwa kifupi, ni hiki. Mfumo unasema rejesho linaiva tarehe 30. Mshahara unalipwa tarehe 25 na mtu anakatwa siku hiyohiyo. Lakini orodha ya makato inatoka ofisi ya mwajiri kati ya tarehe 5 na 10 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo siku dada anapoiingiza kwenye mfumo wanachama wote wa mikopo tayari wamechelewa na wote wamepigwa faini ya asilimia 5 ya rejesho. Kila mwezi. Watu ambao hawajachelewa hata siku moja.

Hapa naomba tukae na hesabu kidogo maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Chukua mkopo wa 3,600,000 kwa miezi 24, riba asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Kila mwezi mtaji, yaani mkopo wenyewe bila riba, 150,000, mwezi wa kwanza riba 36,000, rejesho 186,000. Mwanachama amekatwa 186,000 kamili. Mfumo unapiga faini 9,300, na ulivyopangwa hela ikiingia inalipa faini kwanza, halafu riba, kinachobaki ndio mtaji. Kwa hiyo mtaji unapata 140,700 badala ya 150,000. Salio lake linasoma 3,459,300 na kwenye kitabu cha dada linasoma 3,450,000. Mwezi wa pili hivyohivyo, na wa tatu. Jumla ya marejesho ya mkopo huo ni 4,050,000, asilimia 5 yake ni 202,500. Yaani mtu analipa miaka miwili bila kukosa, mwisho anaambiwa bado anadaiwa laki mbili na zaidi, na hapo sijaweka riba ya zile pengo za mtaji.

Dada alikuwa anafuta faini za watu wanaokuja kulalamika. Kufuta kunahitaji idhini ya meneja kwenye mfumo, na meneja hawezi kukaa anabonyeza idhini siku nzima, kwa hiyo paswedi ya meneja dada alikuwa nayo. Hilo alinitajia kwa sauti ya chini akaniangalia usoni. Wasiokuja kulalamika faini zao zilibaki.

Usiku gesti nikafungua laptopu, nikaenda kwenye faili la ufungaji wa chama B. Siku ya kuiva: 30. Siku za msamaha, yaani za kusubiri kabla ya kupiga faini: 0. Mpangilio umekopiwa kutoka chama kingine, cha walimu, ambao orodha yao inafika mapema. Aliyekopi: jina langu. Miaka miwili nyuma, na nakumbuka kabisa, nilifunga vyama vitatu wiki ile.

Halafu nikaona kitu kibaya zaidi. Dada alipoingiza orodha, mikopo ilipungua upande mmoja, ila hela ilikuwa haijafika benki, sasa upande wa pili uliandikwa wapi? Ulikwenda kwenye akaunti ya mpito, ile ya kushikilia hesabu kwa muda tu. Hiyo niliifungua mimi siku ya kuhamisha masalio ya zamani, ilitakiwa iishi wiki moja, sikuifunga, na nilikuwa nimeiweka chini ya kundi la "Fedha taslimu na benki". Kwa hiyo kila bodi iliposoma ripoti ya mwezi iliona hela benki ambayo kwa kweli ilikuwa bado mfukoni mwa mwajiri. Siku ile nilikuta makato ya miezi miwili yote yamekaa mle, na hakuna mjumbe wa bodi hata mmoja aliyejua. Mwisho wa mwaka mwajiri huwa anasafisha deni kabla ya kufunga vitabu vyake, mkaguzi anakuta mpito imebaki na vihela vidogo, anapita.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza, kubaki. Jumatano nilitakiwa Hai kwa chama C. Saa tatu usiku nikawatumia meseji, mzee mwenyekiti samahani nimepata dharura tusogeze. Nilifikiria hivi: chama C hawana tatizo, wataelewa, B wana tatizo na tatizo ni langu. Mantiki ilikuwa sawa, ila njia niliyotumia haikuwa sawa, nitaifikia.

La pili lilikuwa gumu kuliko yote. Nitaingiaje kwa meneja bila kumchoma dada? Ningeweza kutoa ripoti ya faini zilizofutwa, ingeonyesha idhini za meneja zimetolewa siku ambazo yeye mwenyewe alikuwa semina mkoa mwingine, na mambo yangekuwa wazi ndani ya dakika tano, na dada angeweza kupoteza kazi kwa kitu ambacho kimewaokoa wanachama. Na meneja naye, maana kugawa paswedi si kosa dogo. Nikaamua naanza na kosa langu. Sitaji kitabu, sitaji paswedi, naonyesha mpangilio wangu na hesabu ya ule mkopo mmoja, halafu nanyamaza.

La tatu, kukiri au kutokukiri. Bosi nilimpigia asubuhi. Akasikiliza vizuri, kisha akasema rekebisha, waeleze kwa mdomo, ila usiandike popote kwamba tulikosea, wanasheria wao wakishika karatasi tumekwisha. Namwelewa, kampuni ndogo faini ya mahakamani inaizika. Nikamwambia bosi, kama hatuandiki, siku COASCO wakiuliza kwa nini faini za miaka miwili zimerudishwa, meneja atajibu nini? Itaonekana kaamua yeye. Tukabishana kama nusu saa, vocha ikaisha, akanipigia yeye. Tukakubaliana barua itoke, ieleze mpangilio ulikuwaje, umebadilishwa kuwaje na lini, bila maneno mengi ya kujishtaki. Ndivyo ilivyokuwa na nadhani ilitosha.

La nne, ushauri. Kabla ya kikao nilikutana na mwalimu, tukala mtori mahali karibu na chuo, nikamweleza kisa bila kutaja chama. Mimi nilikuwa nimeshapanga kurekebisha kwa urahisi: siku za msamaha 15, kwisha. Akaweka kijiko chini akaniuliza, "Mwanachama akishakatwa, anayedaiwa na chama ni nani?" Nikasema mwajiri. "Sasa mbona kwenye vitabu vyako mwajiri hayupo?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tatizo la faini lilikuwa la juu juu. Ukiongeza siku za msamaha unanyamazisha malalamiko ya kaunta na wakati huohuo unamficha mwajiri vizuri zaidi. Mwalimu akanikumbusha Kenya, ambako SASRA, mamlaka inayosimamia SACCOS kule, kwenye ripoti zake za kila mwaka inaanika madeni ya makato ambayo waajiri wamekata na hawajapeleka, vyuo vikuu na serikali za kaunti zimo, kwa sababu walishaona chama kinaweza kufa na wanachama wake wote wanalipa kila mwezi.

Kwa hiyo nilichopanga ni tarehe mbili. Tarehe ya kukatwa inamlinda mwanachama, faini haimgusi kama orodha inaonyesha kakatwa. Tarehe ya hela kuingia benki inamhusu mwajiri, na katikati inakuwepo akaunti ya "Mwajiri – makato tunayodai", inakaa kwenye wadaiwa, mbali na fedha, na inaonyesha deni lina siku ngapi: 30, 60, 90. Mpito inafungwa.

Matokeo

Kikao cha Jumatano alasiri. Nilianza, "Mama, mimi ndiye nimekosea hapa," nikaonyesha. Meneja alikaa kimya muda mrefu, akavua miwani, akasema kwa hiyo yule binti alikuwa sahihi. Halafu yeye mwenyewe, mbele ya mwenyekiti, akasema paswedi alimpa yeye. Sikutegemea. Mzee mwenyekiti hakuhangaika na paswedi wala faini, aliuliza swali moja: "Kijana, mwajiri tunamdai ngapi?" Nilipomtajia akainuka akaenda dirishani.

Yaliyofuata yalichukua miezi, nayaeleza kwa ufupi. Faini zote za mwaka ule zilirudishwa ndani ya wiki tatu. Za mwaka uliotangulia zilileta ugomvi wa kweli, kwa sababu zilishaingia kwenye mapato, mapato yakaingia kwenye ziada, na ziada sehemu yake wanachama walishagawana kama gawio. Kamati ya usimamizi ikauliza, tena kwa haki, aliyepigwa faini analipwa na nani kama hela imeliwa na wote, wakiwemo waliopigwa? Mwisho bodi ikaamua irudishwe kutoka kwenye ziada ya miaka ya nyuma iliyobaki, na mkutano mkuu ukaelezwa. Gawio la mwaka ule lilikuwa dogo na wapo waliotukana.

Mwajiri aliandikiwa barua, hakujibu, mwenyekiti akaenda mwenyewe na wajumbe wawili. Walikubaliana hela ifike ndani ya siku saba baada ya mshahara. Miezi mitatu ilifika, mwezi wa nne ikateleza mpaka wiki mbili. Tofauti ni kwamba sasa bodi inaiona ikiteleza.

Dada alipewa onyo la mdomo, yuko kazini. Meneja alibadilisha paswedi mbele yangu.

Mkataba walisaini wa mwaka mmoja. Tulikuwa tumeomba mitatu. Na walitaka tupitie mipangilio yao yote bure, tukapitia. Kwenye wateja wetu wengine tulikuta wawili wenye ule mpangilio wa kukopi, tukawapigia sisi kabla hawajatupigia.

Arusha ilikuwa ya ovyo. Alhamisi meneja wa chama D yuko kwenye maadhimisho, nilisalimiana na mlinzi na mhudumu. E na F nikawabana Ijumaa, robo tatu ya saa kila mmoja, na siwezi kuwaambia nilijifunza nini huko kwa sababu hakuna.

Na chama C. Asubuhi ya Alhamisi mwenyekiti wao alinipigia. Meseji yangu aliisoma saa nne Jumatano asubuhi, wajumbe wa bodi wawili wameshashuka kutoka mashambani kwao, chakula kinapikwa. Nikaomba radhi sana nikamweleza kwamba kuna chama kilikuwa na matatizo makubwa. Akasema bila hasira yoyote, "Sawa kijana. Kumbe na sisi tungekuwa na matatizo ungekuja." Januari walihamia kwa kampuni nyingine. Bosi aliniuliza mara moja tu kuhusu C, na hakuuliza tena.

Uchambuzi

Nianze na swali la "kuna shida yoyote?" Nililiuliza kwenye vyama viwili siku hiyohiyo, jibu likawa lilelile, na kimoja kati ya hivyo viwili kilikuwa na bomu ndani. Mbele ya mwenyekiti, mgeni kutoka Dar, soda mezani, ni nani atasema kuna shida? Meneja akisema ipo anajishtaki, mhasibu akisema ipo anamshtaki meneja. Ni adabu tu, wala si kwamba wanadanganya. Kilichofanya kazi ni stuli nyuma ya kaunta na mwanachama mwenye slip, na hilo sikulipanga, ni chaji iliisha. Siku hizi nimeligeuza: nafika saa moja kabla ya kikao nakaa kaunta kwa ruhusa, naangalia droo. Mahali penye kaunta buku pembeni ya kompyuta, pana kitu mfumo haufanyi.

Kuhusu yule dada najua wengi watasema udhibiti wa ndani, paswedi ya mtu haigawiwi, na ni kweli. Lakini angalieni nani alitengeneza hali hiyo. Mfumo ulitaka idhini ya meneja kwa jambo linalotokea mamia ya mara kila mwezi. Idhini ya hivyo itagawiwa tu, leo au kesho. Ambacho mimi nakiona ni kasoro kubwa zaidi kwenye ule usaidizi wake ni kwamba ulimfikia anayejua kulalamika. Wale wa zamu za usiku ambao hawafiki ofisini saa za kazi walibeba faini zao kimya kimya, na tulipochambua hao ndio walikuwa wengi.

Halafu ukarimu wake ulifunika kitu. Bodi ya chama B ilikuwa na raha. PEARLS, vipimo vya afya ya chama vya WOCCU, baraza la dunia la vyama vya akiba na mikopo, kinataka mikopo iliyochelewa isizidi asilimia 5 ya mikopo yote, wao walikuwa chini ya hapo. Ukwasi, yaani hela iliyo tayari kutoka, kinataka usipungue asilimia 15 ya akiba zinazoweza kutolewa, wao walikuwa juu, kwa sababu hela ya mpito ilihesabiwa kama iko benki. Vipimo vyote viwili vilikuwa vya kijani na vyote viwili vilisimama juu ya akaunti niliyosahau kuifunga. Sikuwahi kufikiria kwamba mahali unapoiweka akaunti kwenye orodha siku ya ufungaji ni jambo la kuua chama, nililiona ni jambo la mpangilio wa kurasa.

Kuanza na kosa langu kulifanya kazi kuliko nilivyotarajia, ila nisijidanganye, kulifanya kazi kwa sababu kosa lilikuwa langu kweli. Kama lingekuwa la meneja peke yake sijui ningeingia kwa mlango gani. Na barua, ile tuliyobishania na bosi, ndiyo iliyowatuliza kamati ya usimamizi baadaye, walikuwa wameshaanza kusema meneja na dada wamekula faini pamoja. Karatasi moja yenye tarehe na mipangilio miwili, ya zamani na mpya, ikamaliza maneno.

Chama C naona nilikosea mara mbili. Kubaki B ilikuwa sahihi, ningerudia. Lakini mwenyekiti wa miaka sabini hasomi meseji saa tatu usiku, anapigiwa simu, na kama hapokei unampigia katibu, na kama hapokei asubuhi unapanda kihiace cha kwanza unaenda mwenyewe kusema samahani halafu unarudi Moshi, ni mwendo mfupi tu na kikao cha B kilikuwa alasiri. Muda wa kwenda ulikuwepo. Niliutumia kuandaa slaidi. La pili ni lile alilolisema yeye: ratiba yangu ilikuwa inawapa muda wenye matatizo na kuwapa salamu wasiokuwa nayo, na wanaolipa kwa wakati wakatulia wakagundua hilo kabla yangu.

Vyama sita kwa siku nne ni idadi iliyopangwa kwa ajili ya ripoti ya ofisini, ili kwenye safu ya "wateja waliotembelewa" iandikwe sita. Iliandikwa sita, D ikiwemo. Safari inayofuata ni vyama viwili, wiki nzima, na Hai nitapita hata kama si wateja wetu tena, maana chakula cha watu kilipikwa. Dada wa kaunta nimeshampigia, anasema kaunta buku bado analo ila safu ya faini imekuwa tupu tangu Novemba, anaendelea kuandika zile tarehe mbili kwa peni kwa sababu yeye bado hauamini mfumo. Nimemwambia aendelee.